Ushuru Unaokwama Forodhani

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wabunge, wenye viwanda, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na nyinyi maofisa wa forodha mliokaa kule nyuma kama watu walioitwa kituoni: asanteni kwa kunikaribisha.

Msemaji aliyenitangulia ametaka ushuru wa bidhaa za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa upandishwe hadi asilimia 100, na ukumbi mzima umempigia makofi. Hata mimi nimepiga, kwa adabu. Lakini nimekaa kwenye kazi ya kuchunguza bei za bidhaa zinazoingizwa miaka ya kutosha kujua kwamba ushuru wa asilimia 100 usiokusanywa hauna tofauti na sifuri, ila ule wa kwanza unatoka magazetini. Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge ni dogo, na halina mvuto wa jukwaani. Kabla hamjagusa kiwango, imarisheni kwanza mkono unaopima na mkono unaokusanya.

Nianze na neno lenyewe, maana tangu asubuhi limebandikwa kila kitu kinachouzwa rahisi. Bei ya kutupa. Sokoni hilo ni neno la kuvutia wateja, mchuuzi analipaza watu wakajaa. Kwenye sheria ya biashara ni tuhuma, tena yenye maana finyu: mzalishaji anauza nje kwa bei iliyo chini ya ile anayouzia kwao, au chini ya gharama za kuitengeneza bidhaa pamoja na faida ya kawaida. Basi. Mwenzako akiwa na mashine bora kuliko zako, umeme usiokatika na mafundi wanaoijua kazi, bidhaa yake itakuwa rahisi, na hapo hajatupa bei, amekushinda. Tena Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947, katika Ibara ya VI, haukulaani utupaji bei wenyewe hivi hivi. Uliulaani pale unaposababisha, au kutishia, madhara makubwa kwa wazalishaji wa nchi inayopokea. Mambo ni matatu, na lazima yote yathibitishwe: bei imetupwa, mzalishaji ameumia, na kilichomuumiza ni hicho hicho. Kesi nyingi ninazozijua zilikufa kwenye hilo la tatu.

Sasa tupime. Chukueni bamba la chuma. Kwao linauzwa 100. Limefika bandarini kwa mnunuzi na ankara inasema 95. Mwenye haraka atasema tofauti ni 5. Hapana. Ndani ya hiyo 95 mna nauli ya meli, bima, na gharama za kulitoa kiwandani hadi bandari yao, tuseme 15. Toa. Mlangoni mwa kiwanda limeuzwa 80. Na ile 100 ya kwao nayo ina usafiri wa kumfikishia mteja pamoja na siku 60 za kumkopesha, tuseme 4. Inabaki 96. Hapo ndipo unapolinganisha mlango kwa mlango: 96 kwa 80. Tofauti ni 16, na ukiipima juu ya ile 80 ni asilimia 20. Aliyesema 5 alikuwa anajipunja mwenyewe.

Hesabu hii inaonekana nyepesi hapa jukwaani. Kazini, kila tarakimu ina mtu anayeificha. Nakumbuka kiwanda kimoja tulichokwenda kukikagua nje ya nchi, sitakitaja. Siku mbili tulinyweshwa chai na kuoneshwa ankara safi, bei za kuuzia kwao na bei za kuuzia nje zimelingana kama mapacha. Siku ya tatu mwenzangu aliomba taarifa za benki badala ya ankara. Mwishoni mwa kila robo ya mwaka palikuwa na malipo ya kurudishwa kwa mnunuzi yule yule wa nje, yameandikwa kuwa “msaada wa matangazo”. Tukayagawa kwa idadi ya tani alizonunua, na bei ikashuka kwa asilimia 12. Aliyeyaona hakuwa mwanasheria. Alikuwa mhasibu wa kawaida mwenye subira, na hao ndio tusionao. Mnatunga sheria yenye vifungu mia, kisha mnaipa ofisi yenye wachunguzi wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nusu yao wameazimwa kutoka idara nyingine.

Asiyetaka kukaguliwa naye anahitaji jibu. Sheria za kimataifa zinaruhusu mamlaka kutumia taarifa zilizopo pale mtu anapokataa kutoa za kwake, na chombo hiki kikitumiwa vizuri kina nguvu kuliko kiwango chochote cha kutungwa. Tazameni uchunguzi wa Umoja wa Ulaya juu ya ruzuku za magari ya umeme kutoka China, uliomalizika Oktoba 2024. Kampuni ya BYD iliwekewa asilimia 17.0 na Geely 18.8. Walioshirikiana bila kuchunguzwa mmoja mmoja walipata 20.7. SAIC na wengine waliohesabiwa kuwa hawakushirikiana walibebeshwa 35.3. Mtengenezaji yeyote akizisoma namba hizo anaelewa bila kuelezwa faida ya kufungua vitabu vyake. Na kuna jambo jingine katika kesi hiyo ambalo wabunge wetu mlitazame: hakuna kiwanda kilichopeleka malalamiko. Tume ya Ulaya ilianzisha uchunguzi yenyewe. Kuanza hivyo kunaruhusiwa katika mazingira maalumu, na kunafaa sana pale wazalishaji ni wengi, wadogo na wametawanyika. Kwa kawaida malalamiko lazima yaungwe mkono na wazalishaji wanaotoa angalau asilimia 25 ya uzalishaji wote wa ndani, na wanaounga mkono wawe zaidi ya nusu ya waliotoa maoni, kwa kupima uzalishaji wao. Wafugaji nyuki elfu tatu watakusanyaje saini hizo, na kwa nauli ya nani?

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya bei, ingawa ule mfano wa magari ulikuwa wa ruzuku. Ruzuku ni kesi nyingine, na inanishangaza inavyochanganywa na ya bei. Kwenye bei ya kutupa mshtakiwa ni muuzaji. Kwenye ruzuku unayemnyooshea kidole ni serikali, iliyotoa mkopo wa riba ya chini kuliko ya soko, ardhi ya bure au umeme wa nusu bei. Lazima mchango huo utoke serikalini au kwenye chombo cha umma, umnufaishe anayeupata, na uelekezwe kwa kampuni au sekta fulani. Barabara anayopita kila mtu si ruzuku ya kulalamikia. Ruzuku inayotolewa kwa sharti la kuuza nje, hiyo imepigwa marufuku kabisa. Siku hizi pesa yenyewe inavuka mipaka. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru wa kufidia, yaani wa kufuta faida ya ruzuku, kwenye vitambaa vya nyuzi za kioo kutoka Misri, kwa hoja kwamba fedha za serikali ya China kwa viwanda vya Kichina vilivyojengwa eneo la Suez zihesabiwe kuwa ruzuku ya Misri. Marekani ilibadilisha kanuni zake mwaka 2024 ili nayo iweze kufuata ruzuku za namna hiyo. Kama rasimu ya sheria mliyo nayo mkononi inasema “ruzuku ya serikali ya nchi inakotoka bidhaa” na kuishia hapo, imeshapitwa kabla haijapigiwa kura.

Nije kwa wenye viwanda, na mnisamehe. Alinijia mmoja wenu, mtu mzima, ana uchungu wa kweli. Alileta picha za ghala lililojaa mpaka kwenye paa, mashine zimefunikwa maturubai, wafanyakazi wamekaa chini ya mti. Nikamwomba mauzo ya kila mwezi kwa miaka mitatu, bei, akiba ya ghalani, idadi ya waajiriwa, kiasi gani cha uwezo wa mashine kinatumika. Akasema mhasibu ameondoka na kompyuta. Nilijua anaumizwa na bidhaa za nje, ningeweza kuapa. Lakini upande wa pili ungekuja na wakili na mchumi, wangesema mitambo yake ni chakavu, mkopo wake wa benki ulikuwa ghali, mteja wake mkubwa alimkimbia kwa sababu ya ubora. Ningewajibu kwa picha ya maturubai? Kesi haikufunguliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata, na hadi leo nikipita pale nageukia upande mwingine.

Haraka nayo ni nusu ya haki. Kwa mujibu wa mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ushuru wa muda, ule wa kusubiri uamuzi wa mwisho, hauwezi kuwekwa kabla ya siku 60 tangu uchunguzi uanze. Uchunguzi wenyewe unapaswa kumalizika ndani ya mwaka mmoja na kamwe usizidi miezi 18. Mwagizaji anazijua siku hizo kuliko wabunge. Tangazo likitoka tu, anaagiza mzigo wa mwaka mzima uingie kabla ya mlango kufungwa, na siku ushuru unapoanza maghala yameshajaa. Mkataba umeliona hilo na unaruhusu, kwa masharti, ushuru wa mwisho urudi nyuma hadi siku 90 kabla ya hatua za muda. Ila huwezi kumdai mtu kwa mzigo usioujua. Lazima forodha ianze kuorodhesha kila shehena ya bidhaa hiyo tangu mapema kwenye uchunguzi. Ni kifungu cha mistari miwili, na sijakiona kwenye rasimu.

Sasa niwageukie watu wa forodha, maana hapa ndipo mambo yanapokwama.

Mwaka 1993 Ulaya iliweka ushuru wa asilimia 30.6 kwa baiskeli kutoka China. Ilionekana kesi imekwisha. Baiskeli nzima zikapungua, vikaanza kuingia vipande: fremu kwenye boksi lake, uma wa mbele kwenye boksi lake, gia na breki kwenye kontena jingine lenye hati nyingine. Vikifika vinafungwa kwa spana, na baiskeli inakuwa ya Ulaya. Mwaka 1997 ushuru ukapanuliwa hadi kwenye vipuri vikuu. Mwaka 2005 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 48.5, ile raha ya makofi. Matokeo yake? Baiskeli zikaanza kutokea Indonesia, Malaysia, Sri Lanka na Tunisia. Ulaya ikapanua ushuru hadi huko mwaka 2013. Mwaka 2015 ikaongeza Kambodia, Pakistan na Ufilipino. Miaka 22 wanaifukuza baiskeli ile ile, nayo kila mara inabadilisha kofia.

Naipenda kesi hii kwa sababu haimwonei mtu. Kati ya viwanda vya nchi hizo vilikuwapo vilivyokuwa vinatengeneza baiskeli kweli, vikathibitisha, vikaachwa. Waliwezaje kuvitofautisha? Kwa kipimo kilichoandikwa. Kwa sheria ya Ulaya, mwenye kuunganisha vipuri anahesabika kuwa anakwepa iwapo, pamoja na dalili nyingine, vipuri kutoka nchi iliyotozwa ni asilimia 60 au zaidi ya thamani ya vipuri vyote. Anasalimika kama kazi aliyoiongeza yeye inazidi asilimia 25 ya gharama ya utengenezaji. Unaweza kuibishia 60, unaweza kuibishia 25. Lakini ofisa wa bandarini ana kitu cha kupimia. Rasimu yetu inasema “ukwepaji wa aina yoyote utachukuliwa hatua”. Ofisa atapimia nini? Jicho? Na mkimpa ofisa uwezo wa kupima kwa jicho, mnajua wenyewe soko gani litafunguliwa pale dirishani.

Halafu kuna kukusanya. Marekani, pamoja na ofisi zake zote, hutoza amana mzigo unapoingia, na kiwango halisi hukokotolewa baadaye, mwaka na zaidi. Bili ya nyongeza inapotumwa, mwagizaji hayupo. Kampuni ilikuwa meza moja na simu moja, imefungwa, na mwenyewe ameshafungua nyingine kwa jina la shemeji. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilikadiria mwaka 2016 kwamba bili za namna hiyo, kwa mizigo iliyoingia kati ya 2001 na 2014, zilikuwa zimeacha pengo la dola bilioni 2.3. Na bidhaa zilizoongoza si vyuma vizito mnavyovifikiria. Ni kitunguu saumu, uyoga wa kopo, asali, nyama ya kamba wa mtoni na fanicha za chumba cha kulala. Ya asali ilifika mahakamani: ilipitishwa nchi za tatu ikabadilishiwa hati za asili, zile zinazosema bidhaa imetoka nchi gani, mpaka waendesha mashtaka wa Chicago wakafungua kesi za jinai, zikiwamo za mwaka 2013. Kulikuwa pia na mwanya kwa wauzaji wapya, walioruhusiwa kuweka dhamana ya karatasi badala ya fedha taslimu. Watu waliibia humo hadi Bunge lao likauziba mwaka 2016.

Kwa hiyo, waheshimiwa, andikeni hivi: mwagizaji wa bidhaa iliyotozwa aweke fedha, si ahadi. Mwenye kampuni isiyo na mali alipe amana kubwa zaidi. Na cheti cha asili kisitoshe peke yake, mamlaka iwe na haki ya kwenda kuangalia kiwanda kilichokitoa kama kina mashine au kina muhuri tu.

Nimesema yaliyo upande wenu. Sasa mnivumilie kwa yasiyowapendeza, maana mizani ikipindishwa kwa ajili yako leo, kesho itapindishwa dhidi yako. Marekani ilikuwa na mbinu ya kuhesabu ambayo mauzo yaliyofanywa kwa bei ya juu yaligeuzwa kuwa sifuri, yasifute yale ya bei ya chini. Mtu ameuza mara mbili, moja kwa 10 juu na moja kwa 10 chini. Wastani wake hauna kosa, lakini kwa hesabu hiyo amekutwa na hatia. Ilishindwa mara kadhaa mbele ya Shirika la Biashara Duniani, ikabadilishwa kwa sehemu kubwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Bunge lilipitisha marekebisho ya Seneta Robert Byrd ya kugawa ushuru uliokusanywa kwa wale wale waliolalamika. Hebu fikirieni watu walivyojipanga foleni kulalamika. Nayo ilishindwa mwaka 2003, ikafutwa mwaka 2006. Nimeona kwenye mapendekezo ya leo mtu ameandika “mfuko wa wazalishaji walioathirika”, utakaojazwa na ushuru huu. Futeni mstari huo usiku huu.

Mtasema: nani atatushtaki, ilhali chombo cha rufaa cha Shirika hilo hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi tangu Desemba 2019? Ni kweli hakina. Ila nchi isiyoweza kukushtaki inaweza kukulipiza kwenye bidhaa yako unayoitegemea, bila jaji, wiki ijayo.

Na kuna mtu ambaye hajaalikwa hapa. Mnunuzi. Simaanishi wa dukani pekee, namaanisha kiwanda kinachonunua hilo bamba la chuma kutengeneza ndoo. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko sisi sote. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali za Ulaya, Ujerumani na Ufaransa zikiwamo, zilikuwa zikiwapa ruzuku wauzaji wa sukari ya viazisukari, na sukari hiyo ikamwagika Uingereza kwa bei ya chini. Wakulima wa miwa wa visiwa vya Karibi walilia. Watengenezaji wa peremende na jemu wa Uingereza walishangilia, na wakapinga kwa nguvu zote jambo lolote la kuizuia. Marekani iliweka ushuru wa kufidia mwaka 1897, India iliyokuwa chini ya Waingereza ikafuata 1899, na mwaka 1902 mataifa yakatia saini mkataba wa Brussels wa kuachana na ruzuku hizo. Mwenye jemu hakuwa mwovu. Alikuwa na hesabu zake na wafanyakazi wake, kama mwenye ndoo leo. Mkataba wa sasa unashauri kwamba kama ushuru mdogo kuliko tofauti ya bei unatosha kuondoa madhara, utozwe huo mdogo. Ulaya imelifanya shauri hilo kuwa sheria, ingawa siku hizi imeliwekea mipaka. Mimi ningeliingiza, na ningempa mwenye ndoo kiti kwenye usikilizaji. Najua baadhi yenu mnatikisa kichwa. Tikiseni tu. Uchunguzi uliomsikiliza hauvunjwi kirahisi mahakamani.

Ushuru unakoma baada ya miaka mitano, isipokuwa mapitio yaoneshe kwamba ukiondolewa maumivu yatarudi. Hapo tena mtaulizwa namba, na mwenye picha za maturubai atakuwa pale pale alipokuwa.

Basi, kwenye meza iliyo karibu na mlango nimeacha jedwali. Lina miezi 36 kushuka chini na safu tisa kwenda kulia: uzalishaji, mauzo ya ndani, mauzo ya nje, bei, gharama, faida, akiba ya ghalani, waajiriwa na uwezo wa mashine. Wenye viwanda, chukueni kila mmoja nakala. Atakayelijaza usiku huu nitamsomea kesho saa mbili asubuhi kabla ya kikao. Atakayeniletea picha, nitampa chai, halafu nitamrudisha akalijaze.